Je, Tabu Yenyewe Ina Thawabu?



Kuna swali ambalo kila anayejizoeza jambo gumu hukutana nalo njiani, awe anahifadhi juzuu, anasomea udaktari au anafanya michezo. Swali lenyewe ni hili: je, tabu ina thawabu kwa sababu tu ni tabu? Mtu akiiacha njia nyepesi na kuishika ngumu, je, ugumu huo peke yake unamwongezea chochote mbele ya Mola wake?

Kwangu mimi swali hili si la darasani tu. Majuma mawili yajayo, inshaallah, nitasafiri kutoka Kigali kwenda Rubavu, ambako tangu mwaka 2022 hufanyika mashindano yanayoitwa Ironman 70.3. Mshiriki huogelea kilomita 1.9 katika Ziwa Kivu, akitoka majini hupanda baiskeli kwa kilomita 90, kisha huvaa viatu na kukimbia kilomita 21.1, yote kwa siku moja. Namba 70.3 ni jumla ya maili za safari hiyo. Na hiyo ni nusu tu, kwani safari kamili ni kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, na kumaliza kwa kukimbia kilomita 42.2.

Mimi si mwanamichezo wa kulipwa. Ni mwanafunzi mwenye baiskeli ya kuazima. Kwa miezi minane nimekuwa nikipanda Mlima Kigali kwa miguu baada ya Alfajiri, nikiogelea Ziwa Muhazi mwisho wa wiki nafasi inapopatikana, na kuzitumia zile Jumapili ambazo barabara za Kigali hufungwa kwa magari. Nilidhani sehemu ngumu ya maandalizi ni hiyo. Kumbe sehemu inayonisumbua zaidi imefika sasa, na ni kuambiwa nipumzike.

Wanaojua mchezo huu wamekubaliana katika jambo moja: majuma mawili au matatu ya mwisho, mazoezi hupunguzwa kwa kiasi cha nusu hivi. Ukali kidogo unabaki, ila saa zinapungua. Sababu yake iko wazi. Mazoezi yenyewe hayaujengi mwili, huuchosha. Misuli hupata michubuko midogo na akiba yake ya nguvu huisha. Kinachojenga ni usingizi, chakula na muda baada ya hapo. Anayeongeza safari ndefu siku kumi kabla ya mashindano hapati faida yoyote kutoka kwayo, kwa sababu mwili hauna muda wa kuilipa. Atabeba uchovu tu hadi kwenye mstari wa kuanzia.

Akili inalielewa hilo vizuri, lakini nafsi inakataa. Siku ya mapumziko naamka na kujiona mvivu. Nahisi kana kwamba kila saa niliyokaa inaniondolea kitu nilichokichuma kwa jasho. Nikaanza kujiuliza: nafsi hii inayokataa kupumzika ina bidii kweli, au imeanza kuipenda tabu kwa ajili ya tabu?

Tazameni saumu. Mwezi mzima wa Ramadhani tunajizuia kula na kunywa mchana, na ni faradhi. Ikiandama Shawwal, siku ya Idi, kufunga ni haramu. Njaa ya Idi haina tofauti na njaa ya siku iliyotangulia. Tumbo ni lile lile na kiu ni ile ile, lakini jana ilikuwa ibada na leo ni maasi. Kama thawabu ingekuwa ndani ya njaa, Idi ingekuwa siku nzuri ya kujiongezea. Hata ndani ya Ramadhani yenyewe tumefundishwa kuharakisha futari na kuchelewesha daku, na Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba wake kuunganisha saumu usiku na mchana bila kufuturu. Basi thamani ya njaa haiko katika njaa. Iko katika amri inayotiiwa. Jua likizama, utiifu ni kula.

Kuna kisa katika Bukhari cha mtu aitwaye Abu Israil. Mtume (S.A.W.) alikuwa akihutubia, akamwona mtu amesimama. Alipouliza akaambiwa kwamba ameweka nadhiri ya kusimama juani, asikae, asiingie kivulini, asiseme na mtu, na afunge. Mtume akaamuru kwamba aseme, aingie kivulini, akae, na saumu yake aitimize. Angalieni namna nadhiri ile ilivyopepetwa. Saumu ikabaki kwa kuwa ni ibada. Jua, kusimama na kunyamaza vikaondolewa kwa kuwa havikuwa na kitu ndani yake ila maumivu. Methali yetu inasema mchumia juani hulia kivulini. Abu Israil alisimama juani bila kuchuma kitu.

Kipo na kisa cha pili, cha mzee aliyeonekana akiburuta miguu huku ameshikiliwa na wanawe wawili, kwa sababu aliweka nadhiri ya kwenda Al-Kaaba kwa miguu. Mtume (S.A.W.) akabainisha kwamba Mwenyezi Mungu hana haja na mtu huyu kujiadhibu, akamwamuru apande mnyama.

Nawaomba mkiweke kisa hicho kando ya kingine cha zama zetu. Mashindano haya marefu yalianzia Hawaii mwaka 1978. Chanzo chake ni ubishi: nani ana pumzi zaidi, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji? Afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, akapendekeza njia tatu za kisiwa cha Oahu ziunganishwe kuwa moja. Wakaanza watu 15, wakamaliza 12. Kwa miaka michache yalibaki kuwa jambo la watu wachache. Kisha Februari 1982 mwanafunzi wa chuo, Julie Moss, akawa anaongoza upande wa wanawake, na karibu kabisa na mwisho miguu ikamkataa. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Mwenzake Kathleen McCartney akampita na kushinda. Moss akatambaa kwa mikono na magoti mpaka akavuka mstari. Televisheni ikaonyesha, na watu wengi waliotazama wakatamani kuingia mashindano yale.

Simhukumu dada yule. Alikuwa na azma ambayo wengi wetu hatuna. Ninachokiuliza kinatuhusu sisi watazamaji. Tunapomwona mtu anatambaa, tunapenda nini hasa? Tunampenda asiyekata tamaa, au tunapenda kuona mwili ukiadhibiwa? Mzee wa nadhiri naye hakukata tamaa. Alikuwa anaelekea mahali patakatifu kuliko mstari wowote wa mashindano, na bado aliambiwa apande. Kama maumivu hayakuwa na bei katika njia ya Al-Kaaba, yatakuwa na bei gani katika njia ya kutafuta medali?

Najua mtanijibu. Je, haikupokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwambia Bibi Aisha kuhusu umra yake kwamba malipo yake ni kwa kadiri ya tabu yake au matumizi yake? Na Banu Salima walipotaka kuhamia karibu na msikiti, si waliambiwa wabaki kwao kwa kuwa nyayo zao zinaandikwa? Ni kweli, na mwenye kuandika juu ya jambo hili hana haki ya kuziruka hadithi hizo. Lakini zisomeni pamoja na zile mbili za kwanza. Banu Salima walikuwa wakiishi mbali tayari, na tabu yao ilikuwa iko njiani kwenda mahali panapofaa. Aliyekaa karibu na msikiti hakuambiwa ahame ili apate nyayo nyingi. Tabu inayokukuta katika njia ya wema huandikwa. Ile unayoitengeneza ili uwe nayo haiandikwi kwa sababu tu inauma. Naiona ya kwanza kama nauli ya safari. Mwenye akili hulipa nauli inayotakiwa, na hajivunii kwamba ametozwa zaidi.

Hapo pingamizi kubwa zaidi linanigeukia mimi. Hakuna aliyeniamuru kwenda Rubavu. Tabu yote hii nimeichagua. Je, hoja yangu mwenyewe hainiambii nikae nyumbani?

Nimeipima hivi. Imamu Ghazali aliufananisha mwili na ngamia wa anayekwenda Hija. Msafiri lazima amlishe na kumtunza, lakini akishinda kutwa nzima akimlisha na kumpamba, msafara utamwacha jangwani. Nami naona namna ya tatu ya kupotea: anayemchapa ngamia wake mbele za watu ili aitwe shupavu. Hatari ya mchezo huu iko katika hizo mbili za mwisho. Saa zangu za mazoezi zilifika 12 kwa wiki, na saa hizo zilitoka mahali fulani. Kama zilitoka katika usingizi wa uvivu na simu, ni biashara nzuri. Kama zilitoka katika haki ya mama yangu, ya masomo yangu au ya swala ya jamaa, basi ngamia amegeuka kuwa ndiye safari.

Mchezo ni halali, na halali huchukua rangi ya nia. Muumini mwenye nguvu anapendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu kuliko dhaifu, ingawa wote wawili wana kheri. Hilo nimelisoma katika Muslim, na linanipa sababu ya kukimbia. Lakini afya ningeipata kwa kilomita 5 za kila asubuhi. Kilomita hizi nyingine nazitafuta kwa sababu nataka kujua nitakuwa mtu wa namna gani nikichoka: nitamsemesha vibaya anayegawa maji, nitakata kona mahali pasipo mwangalizi, nitasahau Adhuhuri? Hilo naliona ni jambo halali kulitafuta, kwa sharti moja. Niwe na uwezo wa kuacha.

Ndiyo maana naamini mtihani wangu wa kweli ni majuma haya mawili ya kupunguza. Anayeweza kwenda kilomita 90 lakini hawezi kukaa siku moja ameshatawaliwa, na hawezi kusema anaitawala nafsi yake. Kupumzika panapotakiwa kupumzika ni sehemu ya nidhamu kama ilivyo futari katika saumu. Mtume (S.A.W.) alimweleza Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha, kwamba mwili wake una haki juu yake, macho yake yana haki, na mkewe ana haki. Yule alikuwa katika ibada tukufu na bado alirudishwa kwenye kiasi. Sembuse mimi na baiskeli?

Basi maandalizi yangu ya mwisho yako hivi. Nimepunguza saa hadi 6. Nalala mapema. Mfuko wangu una miwani ya kuogelea, mipira miwili ya baiskeli, pampu, tende na chumvi kidogo. Alfajiri nitaiswali kabla ya kushuka ziwani. Nimekadiria mwendo wa saa saba hivi, kwa hiyo Adhuhuri itaingia nikiwa barabarani. Nikimaliza kabla ya Alasiri nitaiswali hapo hapo. Nikiona muda unabana nitasimama pembeni, na nikiwa msafiri wa takriban kilomita 150 kutoka Kigali nitachukua ruhusa ya rakaa mbili. Ruhusa ya Mwenyezi Mungu si aibu ya wadhaifu. Anapenda itumike.

Jambo la mwisho nimelichukua kwa Dubaa binti Zubeir. Alitaka kuhiji naye ni mgonjwa, akashauriwa na Mtume (S.A.W.) aende na aweke sharti tangu mwanzo, kwamba pale atakapozuiliwa ndipo atakapotoka katika ihramu. Hakuzuiwa kwenda na hakuambiwa ajiburute. Aliambiwa aupange mlango wa kutokea angali na akili tulivu. Triathloni si Hija na silinganishi hadhi zake, lakini busara hiyo inanitosha. Goti langu la kushoto huuma nikivuka kilomita 15. Nimemwandikia mama na rafiki atakayenisindikiza: maumivu yakibadilika kutoka uchovu kuwa jeraha, nitatoka, na wasinishangilie niendelee.

Ndugu zangu, wengi wenu hamtaogelea Kivu, ila mitihani ya muhula imekaribia, na tayari nasikia katika mabweni mashindano ya nani amelala saa chache zaidi. Kukesha kunakokuelewesha somo ni nauli, kulipe. Kukesha kwa ajili ya kusimulia asubuhi kwamba ulikesha ni kusimama juani pamoja na Abu Israil. Kabla ya usiku wenu wa kwanza wa kudurusu, kila mmoja aandike saa atakayofunga kitabu, amwonyeshe mwenzake wa chumbani, na ikifika saa hiyo azime taa.

Wabillahi tawfiq.