Kikombe Kilichonichelewesha

Nilikuwa uwanja wa ndege Nairobi, nikienda Kisumu kumzika shangazi aliyenilea. Tiketi ninayo, ukaguzi nimepita. Nikaagiza kahawa na sambusa mbili. Tangazo nikalisikia, nikasema, "Wacha nimalize kwanza." Kufika getini, mlango umefungwa. Ndege naiona kupitia kioo, bado imesimama, lakini siingii. Nilifika Kisumu jioni, kaburi limeshafunikwa.

Ndugu yangu, kahawa si dhambi. Hata Eliya alilishwa na malaika kabla ya safari (1 Wafalme 19). Lakini wanawali watano waliotoka kumlaki bwana arusi walifungiwa nje (Mathayo 25). Umeokoka, sawa. Je, ukiitwa leo, utaacha kikombe?