Nani Anayeamua Kwamba Mgonjwa Amepona? Dawa, Masharti na Utii katika Masisi na Walikale

Swali la namna ya kulitambua kundi la uponyaji lililogeuka kifungo huulizwa siku hizi hasa kuhusu vituo ambako watu hupewa mimea inayobadilisha fahamu na kuleta maono, kama vile iboga ya Gabon, ambayo mzizi wake hutumika katika ibada za Bwiti na leo huwavuta wageni wengi kutoka Ulaya na Marekani. Wanaolijibu kwa kawaida huikazia macho dawa yenyewe. Historia ya Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini, inashauri njia nyingine, kwa sababu huko utii mkubwa kabisa umejengwa kwa ubatizo, chale na maji.

Mapema mwaka 1944, wakati serikali ya Ubelgiji ilipokuwa ikidai mpira na dhahabu zaidi kwa ajili ya vita, na siku za kazi za lazima zikiwa zimeongezwa tangu 1942 kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka, uasi ulizuka kati ya Masisi, Walikale na Lubutu chini ya Bushiri Lungundu. Huyu alikuwa mfuasi wa Kitawala, imani iliyochipuka katika mafundisho ya Watch Tower ambayo Elliot Kamwana aliyahubiri Nyasaland tangu 1908, na waliomfuata walimwona kuwa mkombozi. Mwanahistoria Nicole Eggers ameuchunguza uasi huo kwa upande wa uponyaji, neno ambalo hapa lina maana pana, kwani lililotakiwa kuponywa lilikuwa jamii nzima iliyochoshwa, wala si miili ya wachache. Serikali iliuzima kwa silaha, na wafuasi wengi wa Kitawala wakahamishiwa kwa nguvu kwenye makambi ya mbali na kwao. Mwenye kutafuta dalili za hatari hana budi kukumbuka kwamba sifa ya dhehebu hatari ilitolewa kwanza na watu waliokuwa na viboko mikononi. Ugeni wa ibada, peke yake, hauthibitishi uovu.

Hata hivyo imani hiyohiyo ilizaa jambo la kutisha. Mwaka 1925 Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, yaani Mwana wa Mungu, aliwabatiza watu Rhodesia ya Kaskazini na Katanga akidai kwamba maji yatamfichua mchawi, na walioonekana kushindwa katika jaribio hilo wakauawa, wengi wao, kabla yeye mwenyewe hajanyongwa mwaka uliofuata. Aliyetoa hukumu ndiye aliyeendesha jaribio, na hapakuwa na wa tatu wa kuuliza.

Hoja ya namna hiyo inaonekana wazi zaidi kwa Mai-Mai, wapiganaji waliojitokeza kwa nguvu Masisi na Walikale katika vita vya 1993, wakirithi desturi ambayo waasi wa Simba wa 1964 waliitumia kabla yao, na ambayo wapiganaji wa Maji Maji waliijua Tanganyika mwaka 1905. Kijana huchanjwa chale, hunyunyiziwa maji yaliyotiwa dawa, kisha husomewa masharti: asiibe, asimguse mwanamke, asile chakula fulani, asishikane mkono na asiyeoshwa. Masharti haya yasidharauliwe, kwa maana jeshi linalokatazwa kuiba na kubaka, likitii kweli, ni nafuu kwa mwanakijiji. Tatizo liko katika hesabu yake. Mpiganaji akirudi salama, dawa imefanya kazi. Risasi ikimwangusha, amevunja sharti, hata kama hakuna aliyemwona akilivunja. Dawa haiwezi kushindwa, na maiti haiwezi kujitetea.

E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha 1937 kuhusu Wazande, ambao wengine wao wanaishi kaskazini mashariki mwa Kongo, alionyesha kwamba ramli ya sumu inapokosea, kosa hufafanuliwa kwa sababu zinazotoka ndani ya imani ileile, kama vile sumu iliyoharibika au mwiko uliokiukwa. Lakini aliona pia jambo ambalo husahaulika: Wazande haohao walishuku kwamba waganga wengi ni walaghai, na shaka hiyo haikuwatoa katika imani. Mtu aliweza kuamini uganga huku akimkataa mganga huyu. Robert Jay Lifton, daktari wa akili wa Marekani, alipotaja alama za kundi la utumwa wa fikra, yaani kiongozi anayegeuka wa kuabudiwa, mbinu za kuzifinyanga fikra, na unyonyaji wa mali au wa miili, alieleza kwa hakika hali inayofuata pale nafasi hiyo ya kumkataa mmoja inapozibwa. Huko Shakahola, Kenya, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kuanzia 2023, wafuasi wa mhubiri aliyewataka wafunge hadi kufa walikuwa wamekwisha kufundishwa kuikataa shule na hospitali, yaani kila mahali ambapo mtu mwingine angeweza kusema kwamba mtoto huyu anakufa.

John Janzen, aliyechunguza matibabu katika Kongo ya Chini na kuchapisha utafiti wake mwaka 1978, aliona kwamba aliyeamua safari ya mgonjwa alikuwa ukoo: ndugu walikaa, wakashauriana, wakampeleka hospitali, wakamtoa, wakamjaribia mganga, wakamrudisha. Mganga aliyeshindwa aliachwa. Hapo ndipo ulinzi ulipokuwa, na hapo ndipo Masisi na Walikale zimejeruhiwa, kwa sababu vita vya miongo mitatu vimewatawanya watu kambini, mjomba huku na shangazi kule, na anayekwenda kwenye chumba cha maombi au kwa mganga mara nyingi huenda peke yake. Mgeni anayesafiri hadi Gabon yuko katika upweke wa namna hiyo, tena akiwa na hatari nyingine, kwani iboga inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua, na aliye ndani ya maono hawezi kuamua lini matibabu yakomeshwe. Anayepaswa kuwa na haki ya kuyakomesha ni mtu wa upande wa mgonjwa, aliyeketi hapohapo, ambaye hakutumia dawa hiyo.