Nehemia Alimkasirikia Nani?



Zamani nikimwona teja kasinzia kituoni, hukumu yangu ilikuwa fasta: kajitakia. (Digrii ya falsafa haikunisaidia kitu hapo.)

Kumbe unga una safari ndefu. Kwa miaka mingi afyuni nyingi duniani ilitoka Afghanistan, hasa mkoa wa Helmand. Ikishageuzwa heroini, sehemu yake ilivushwa kwa majahazi toka pwani ya Makran hadi huku kwetu Afrika Mashariki. Ile ni nchi iliyopigana zaidi ya miaka 40. Mkulima anakopa kwa mfanyabiashara kabla ya mavuno, atalipa kwa utomvu wa mipopi. Ukame ukija, au askari wakifyeka shamba, deni liko palepale. Wapo akina baba waliomwoza binti, mtoto kabisa, kwa mdai ili deni lifutwe.

Sasa fungua Nehemia sura ya 5. Watu wanalia: mashamba yamewekwa rehani, na binti zao wanafanywa watumwa. Nehemia akakasirika sana. Lakini alimkasirikia nani? Wakubwa waliokopesha, sio wenye deni. Hapo nilinyamaza.

Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo hicho, na mwaka 2023 kikashuka kwa takriban asilimia 95, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa. Safi. Ila mwenye deni alipe na nini?

Kesho napita tena kituoni. Yule kijana hata jina sijawahi kumuuliza.