Pale Muwa Unapoacha Kurefuka

Muuza miwa wa kando ya barabara ana desturi moja ambayo wateja wake hawaiulizi. Kabla hajaanza kumenya, hukata sehemu ya juu ya muwa na kuitupa pembeni, kisha anakukatia vipande kuanzia chini. Hakuna anayelalamika. Tangu utotoni tunajua kwamba utamu wa muwa umelala huku chini, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyopungua, mpaka karibu na majani unatafuna maji matupu.

Muwa hauivi wote kwa siku moja. Pingili ya chini ndiyo kongwe. Ilimaliza kurefuka zamani, ikaanza kuweka akiba. Ya juu ingali changa. Sukari hutengenezwa kwenye majani na kusafiri hadi kila pingili, lakini ikifika kwenye pingili changa haikai. Mimea ina homoni, ujumbe unaotumwa ndani kwa ndani kwa viwango vidogo mno, na mojawapo, inayoitwa jiberelini, huiamuru pingili changa irefuke. Kurefuka kunataka chakula. Basi vimeng'enya huivunja ile sukari iliyofika, nayo huishia kwenye ujenzi. Pingili ya juu haikunyimwa kitu. Imepokea sukari ileile waliyopokea wakubwa zake, ila inaitumia yote kukua.

Je, umewahi kumhukumu mtu kwa pingili yake ya juu? Namfikiria baba ambaye hajawahi kumfukuza maskini mlangoni pake, lakini hajui kuongea na mwanawe bila kupandisha sauti. Namfikiria mama anayekesha kuwaombea wagonjwa, na bado jina la wifi yake likitajwa uso unabadilika, kwa sababu ya shamba la urithi. Ni rahisi kuwaita wanafiki. Wanafiki wapo, sikatai. Ila mara nyingi tumeng'ata mahali ambapo hapajaiva, tukatangaza kwamba muwa mzima hauna utamu. Wataalamu wa mashambani ni waangalifu kuliko sisi: hukamua tone la juu na tone la chini, wakapima utamu wa yote mawili, na vipimo vikikaribiana ndipo wanasema shamba liko tayari. Wanategemea kukuta tofauti. Haiwashangazi wala haiwakasirishi.

Na ile sehemu ya juu, anayoitupa muuzaji, mkulima huithamini kwa mbegu. Macho yake, yaani vichipukizi vya kwenye pingili, ni machanga, huchipua upesi kuliko yale ya shina lililokomaa. Hilo hunifariji kila ninapolikumbuka, maana nami ninazo pingili zangu za juu.

Sasa, pingili inaanzaje kuiva? Inaiva pale kurefuka kunapopungua. Majira ya baridi na ukavu huleta hali hiyo yenyewe. Kwenye mashamba ya umwagiliaji, wakulima hupunguza maji wiki kadhaa kabla ya kukata. Mmea ukihisi ukavu huongeza homoni nyingine, asidi ya absisiki, inayofunga vitundu vya majani ili maji yasipotee. Ukuaji ndio unaotangulia kupoa. Lakini majani, kama ukavu si mkali, yanaendelea kutengeneza sukari kwa muda mrefu zaidi. Kile ambacho jana kiliishia kwenye urefu, leo hakina pa kwenda isipokuwa kubaki ndani ya shina. Utamu unaanza hapo.

Naomba uniruhusu nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa panaweza kupotoshwa. Sikuambii kwamba ukame wako ni mtamu. Ukavu ukizidi, majani hukauka, na muwa huanza kula akiba yake mwenyewe. Hakuna mkulima anayeusifu ukame wa namna hiyo, na mchungaji asiusifu pia. Aliyefiwa, aliyeachwa, aliyepoteza kazi, anahitaji maji kwanza. Ninalokuonyesha ni majani tu. Yako majira ambayo hakuna kinachoongezeka kwako: huduma haikui, kipato kimesimama, watoto wamehama, afya inakuambia ukae chini. Mtu hutazama kimo chake, anaona hakijasogea, anahesabu mwaka huo kuwa wa hasara. Lakini je, majani yako yamekoma? Bado unasali asubuhi, hata kama ni kwa maneno machache? Bado unamchotea mama mkwe wako maji ya kuoga? Bado unalipa deni la dukani kidogo kidogo, kama ulivyoahidi? Basi sukari inatengenezwa. Mwaka huu haiendi kwenye kimo, basi.

Na kimo kinaweza kudanganya. Mwaka 1926 mwanasayansi wa Kijapani, Eiichi Kurosawa, alikuwa akichunguza ugonjwa wa mpunga ambao miche yake ilirefuka kupita wenzake, myembamba na iliyopauka, kisha ikaanguka. Aligundua kwamba kuvu fulani hutoa kitu kinachousukuma mpunga kurefuka hivyo. Kitu hicho ndicho baadaye kilichoitwa jiberelini. Yaani tuliijua homoni hii kwa mara ya kwanza kupitia shamba lililokuwa likipita majirani zake kwa urefu huku likifa.

Wapo wakulima wanaoharakisha. Katika nchi kama Brazil na Afrika Kusini, mashamba makubwa hunyunyiziwa dawa za kuivisha, wakati mwingine kwa ndege. Etefoni ikiingia kwenye mmea hutoa etilini, homoni ileile inayoivisha ndizi. Dawa nyingine, trineksapaki, huuzuia mmea kutengeneza jiberelini yenye nguvu. Sioni ubaya wowote hapo, ni elimu nzuri. Ila dawa hizo haziongezi utamu kutoka chupani. Zinafanya kazi vizuri pale muwa ulipokuwa ukikua kwa afya, wenye majani ya kutosha. Sukari bado inatoka jani kwa jani, siku kwa siku. Vivyo hivyo, semina nzuri au mkesha mmoja vinaweza kumgeuza mtu, nimeshuhudia. Vilikuta kitu cha kugeuza.

Mwezi Julai 2023, viwanda vya sukari vya magharibi mwa Kenya viliamriwa kusimamisha usagaji kwa miezi kadhaa. Miwa iliyokomaa ilikuwa imepungua, na watu walikuwa wakikata michanga. Naelewa kwa nini walikata. Eneo lile muwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na ada ya shule haisubiri hivyo. Anayekata mapema si mvivu wala mpumbavu, ana shida. Lakini gari lililojaa miwa michanga lina uzito uleule barabarani, na sukari kidogo kiwandani.

Nikisikia habari hizo hukumbuka mfano wa Bwana katika Luka sura ya 13, wa mtini usiozaa. Mwenye shamba alikwisha kuamua ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja, akaahidi kuupalilia na kuutia mbolea. Yesu hakutuambia kama mtini ulizaa mwaka uliofuata. Ameacha tu sauti ya mtu aliyeomba muda kwa ajili ya mwingine, na akajitolea jembe lake. Ni nani nyumbani kwako anayehitaji uombe muda kwa ajili yake? Pengine ni kijana anayerudi usiku. Pengine ni mwenzi wako, aliyeomba radhi kwa maneno yasiyokamilika. Je, mwaka huo utamwachia peke yake, au utakuja na mbolea?

Bado jambo moja, nalo linakwenda kinyume na hayo yote. Muwa ukishakatwa, subira haina tena kazi. Ile sukari huanza kuvunjika, na kwenye joto hali huharibika upesi. Ndiyo maana malori ya miwa hukimbizana kufika kiwandani ndani ya siku moja au mbili. Miezi yote ile ya kungoja inaweza kupotea kwenye foleni ya getini. Na wewe, wiki hii, huenda liko neno la msamaha ambalo limechukua miaka kuiva ndani yako. Umelijua siku nyingi. Hasira imekwisha, kinachobaki ni aibu ya kuanza. Mpigie leo anayelisubiri neno hilo. Kama huna salio, beba sukari kilo moja uende kwa miguu.