Usingizi wa Pombe na Wajibu wa Mtu

Usingizi na ulevi vyote humwondolea mtu fahamu, lakini dini na falsafa hazivihukumu sawa. Aliyelala hana lawama kwa lililompita akiwa usingizini. Mlevi ana la kujibu. Ugumu huja pale viwili hivi vinapokutana, yaani mtu anapokunywa pombe ili apate usingizi. Je, huyo ahesabiwe kuwa amelala au amelewa?

Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad inaeleza kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na mwendawazimu hadi akili imrudie. Mlevi hayumo. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyepitiwa na usingizi akakosa sala huiswali aamkapo wala hana dhambi. Aliyelewa kwa kusudi huilipa pia, lakini dhambi hubaki juu yake mpaka atubu. Kinachowatenganisha ni njia iliyowafikisha huko. Qurani inautaja usingizi miongoni mwa ishara za Mungu katika Surat Ar-Rum, aya ya 23, ilhali ulevi umekatazwa katika Surat Al-Maida, aya ya 90.

Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifika karibu na hapo kwa njia ya hoja. Aliutaja mvinyo pamoja na afyuni miongoni mwa vitu viletavyo usingizi. Hata hivyo, alipojadili maadili aliziunga mkono sheria zilizomwongezea adhabu mara mbili aliyekosa akiwa amelewa, kwa kuwa chanzo cha kutojua kwake kilikuwa mikononi mwake mwenyewe.

Biblia nayo haikatazi divai moja kwa moja, bali inakemea kulewa. Zaburi ya 127 inauhesabu usingizi kuwa zawadi ya Mungu kwa awapendao, huku Nuhu katika Mwanzo 9 akilala uchi hemani kwa ulevi na kujua yaliyompata baada ya kuzinduka.

Utafiti wa usingizi umeongeza hoja ambayo watu wa kale hawakuwa nayo. Pombe huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza ubongo, ndiyo maana mnywaji huchukuliwa na usingizi upesi na kulala fofofo saa za mwanzo. Lakini hupunguza usingizi wa ndoto, ambao husaidia ubongo kupanga kumbukumbu na kutuliza hisia. Ini likishaiondoa pombe mwilini, ubongo uliokuwa umezimwa huchangamka kupita kiasi. Nusu ya pili ya usiku hukatikakatika kwa jasho, mapigo ya moyo na haja ndogo. Misuli ya koo hulegea, hivyo mtu hukoroma, na mwenye tatizo la pumzi kukatika usingizini huzidiwa. Akinywa hivyo usiku kadhaa mfululizo, mwili huzoea na kiasi kilekile hakimlazi tena.

Pombe, basi, huleta upotevu wa fahamu bila kuleta mapumziko kamili. Usingizi husamehewa kwa sababu hakuna binadamu awezaye kuishi bila huo, na kwa kawaida humrudisha mtu akiwa na akili timamu zaidi. Usingizi wa pombe hautimizi kazi hiyo, kwa hiyo hauwezi kudai msamaha uleule. Anayeuchagua huku akijua, anajibu kama mlevi.

Hata hivyo, hukumu hiyo inahitaji kipimo. Kukosa usingizi kwa sababu ya msiba, maumivu au zamu za kazi za usiku si kosa, na kutafuta nafuu ni haki ya kila mtu. Kasoro imo katika njia. Tena, aliyekwisha kuwa mraibu hana uhuru aliokuwa nao usiku wa kwanza. Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege hata kifo, hivyo wajibu wake ni kutafuta tabibu wa kumsimamia, na wajibu wa walio karibu naye ni kumfikisha huko bila kumwaibisha. Wanazuoni wa Kiislamu huhesabu kuhifadhi nafsi na kuhifadhi akili kuwa miongoni mwa makusudio ya sheria. Makatazo ya ulevi yanalinda yote mawili, na matibabu ya mraibu yanatimiza lengo hilohilo.