Asali Ni Mali ya Nani?



Wahenga walisema, "Fuata nyuki, ule asali." Hawakutuambia tule kiasi gani. Swali laonekana dogo, kumbe ni swali la haki.

Asali ni akiba ya nyuki. Katika nchi za Ulaya zenye baridi kali, nyuki hukaa miezi mingi bila ua hata moja. Husongamana mzingani na kujitia joto kwa nguvu ya asali waliyoiweka. Mfugaji asiyewaachia ya kutosha hana budi kuwalisha sukari, la sivyo atawakuta wamekufa. Kwetu Shinyanga baridi hiyo hakuna, lakini kiangazi kipo. Nyuki wetu wakinyang'anywa chakula chote, mara nyingi huhama, mzinga ukabaki mtupu.

Kwa hiyo mrina asali mwenye busara huchukua baadhi ya masega yaliyozibwa, akaacha mengine pamoja na yale yenye majana. Lakini je, akiacha ili mwakani apate tena, ametenda haki, au amefanya biashara tu? Tumpime kwa nyuki wa porini, waliomo katika tundu la mti ambalo hatalirudia. Akiwaachia hao, ndipo tujue kwamba ameiheshimu haki yao.

Mwingine atasema, "Mimi nina watoto wa kusomesha." Ni kweli, naye ndiye aliyechonga mzinga na kuulinda. Shida yake yaweza kupunguza fungu la nyuki, haiwezi kulifuta.

Wengi wa ukanda wa Geita huishi karibu na machimbo. Dhahabu haioti tena, na mchimbaji anayeitoa yote hajaudhulumu mwamba. Hilo si kosa. Kosa ni kuyachukua mawazo ya shimoni na kuyapeleka kwenye mzinga, kwenye msitu, hata kwa kibarua wetu, kana kwamba kila kitu ni mwamba. Kiumbe hai anayetupa jasho lake anatudai.

Jambo hili si geni kwa Wasukuma. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua ili mifugo ipate nyasi kiangazi. Mpango wa HASHI, ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ili kurudisha miti, uliitegemea desturi hiyo hiyo.

Basi, kabla hujakata sega la mwisho, jiulize: ningeliacha hata kama nisingerudi hapa tena?