Kabla Hujamwita Kichaa

Nimemaliza kusoma Brain on Fire, kitabu alichokitoa Susannah Cahalan mwaka 2012, na swali moja limenikaa kooni: ugonjwa ukishapewa jina, nani anaendelea kutafuta?

Cahalan alikuwa mwandishi wa gazeti jijini New York, ana miaka 24. Mwaka 2009 akaanza kuwashuku watu, akaona visivyokuwepo, akapata degedege. Wapo waliodhani ni pombe, wapo waliodhani ni maradhi ya akili. Wazazi wake wakagoma: huyu siye binti tunayemjua. Mwishowe daktari Souhel Najjar alimpa karatasi na kalamu achore saa. Namba zote akazirundika upande wa kulia. Kinga ya mwili wake, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, ilikuwa imeugeukia ubongo wenyewe. Alitibiwa, akapona, akaandika.

Ugonjwa huo ulielezwa na Josep Dalmau na wenzake mwaka 2007, miaka miwili tu kabla. Hebu jiulize, aliyeugua hivyo mwaka 1997 aliitwa nani? Kichaa, bila shaka. Na jina hilo likafunga mlango.

Mimi ni mtu wa Kibondo, kwa hiyo nikisoma kitabu kama hiki akili inakwenda Nduta, kambi iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kupokea ndugu zetu waliokimbia Burundi. Chukua mfano wa kubuni. Binti wa miaka 19 ana homa kidogo na kichwa kinamuuma. Wiki ya pili halali, anaongea peke yake, anasema watu wanamfuata. Wiki ya tatu amenyamaza kabisa, mdomo unachezacheza. Jirani atasema malaria imempanda kichwani. Mwingine atasema amerogwa. Msomi naye, mimi na wewe, tutasema: jamani, huyu ameona vita, amelala porini, unategemea nini?

Jibu la tatu ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu lina huruma ndani yake. Sisi wapenda hadithi tunapenda maisha ya mtu yaeleze maumivu yake. Mkimbizi anakuja na hadithi iliyokamilika, nayo inajibu swali kabla halijaulizwa. Lakini mkimbizi naye ana mwili. Ana haki ya kuugua ugonjwa usiohusiana kabisa na historia yake.

Kuna hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Kambini malaria inaua, nimonia inaua. Kipimo cha kutafuta kingamwili hizo kwenye maji ya uti wa mgongo si kitu cha kukuta Kibondo wala Kasulu. Je, kuhangaikia ugonjwa adimu si anasa? Isitoshe, kukisia kuna gharama. Dawa za kutuliza kinga zinaweza kuamsha kifua kikuu kilichojificha, na zikampa nafasi maambukizi ambayo hayakutafutwa.

Nakubali yote hayo. Lakini mwaka 2016 wataalamu walitoa vigezo vinavyoruhusu daktari kushuku ugonjwa huu kabla ya majibu ya kingamwili. Cha kwanza kinaulizwa kwa mdomo: mabadiliko yalianza lini, je, yamekuja ndani ya miezi mitatu? Kisha unaangalia kama kuna degedege jipya, au maji ya mgongo yana dalili za uvimbe. Halafu unaondoa malaria, homa ya uti wa mgongo, VVU na mengine. Na anayejua binti alikuwaje mwezi uliopita ni mama yake. Nduta kuna bahati moja: nesi Muha na mama Mrundi wanaelewana, kila mmoja kwa lugha yake. Kumsikiliza mama hakuhitaji umeme.

Hapa hapa Tanzania tuna funzo. Kule Mahenge, miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall aliandika habari za watoto wanaotikisa vichwa kama wanaosinzia, katika jamii ambako wenye kifafa waliogopwa na kutengwa. Hakujua chanzo. Aliandika alichokiona. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba huenda kinga inayopambana na minyoo ya usubi inaushambulia ubongo pia. Mjadala haujaisha, ila ulipata pa kuanzia kwa sababu kuna mtu aliyekataa kuliziba pengo kwa jina la haraka.

Basi msimamo wangu ni huu. Daktari asiye na kipimo hana deni la jibu. Ana deni la kuandika kwenye faili "bado sijajua", pamoja na tarehe na maneno ya mama, ili atakayempokea mgonjwa Kigoma mjini au Bugando aanzie hapo. "Kichaa" ni hukumu, na hukumu hairudishwi hospitali kupimwa upya.